Mstari Mweupe kwenye Nati

Binti wa kaka yangu alipokuja gereji kuniambia anataka tulifufue lile lori la baba yake, nilimjibu kwa kumkoromea. Nilimwambia lori lile ni chuma chakavu, kuku wanataga humo, na mimi sina muda wa kuchezea maiti. Alisubiri nimalize, akafuta mikono kwenye ovaroli yake, akasema, "Baba mdogo, kelele zote hizo za nini? Nakuomba ekseli ya nyuma na chesi tu. Injini nitaifanya mwenyewe."

Huyo ndiye Mhandisi. Jina hilo nilimpa mimi kwa utani, alipotoka chuo cha ufundi na cheti chake na siku ya kwanza tu akanisahihisha namna ya kushika kipimo, mbele ya wateja. Utani ukamganda, naye akaupokea kama cheo. Ana miaka ishirini na sita, mikono mipana ya baba yake, na tabia ya kutoridhika na jibu la ovyo.

Nilikuwa na sababu zangu za kufoka, wala hazikuwahusu kuku.

Lori lenyewe tuliliita Shangazi, kwa sababu lilinung'unika kila kilima lakini halikuwahi kukataa mzigo. Lilikuwa la kizamani hata wakati ule: pua ndefu, taa za mviringo, milango mizito ambayo ukiifunga mtaa mzima unajua umefika. Kaka aliliendesha miaka kumi na moja. Kisha mchana mmoja wa jua kali, kwenye kona ya mteremko, Shangazi akaacha barabara na kupinduka. Kaka alitoka na mguu uliovunjika mara tatu. Utingo wake, kijana tuliyemwita Filimbi kwa sababu aliliongoza lori kurudi nyuma kwa mluzi na si kwa kelele kama wenzake, hakutoka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Askari walimuuliza kaka akiwa hospitalini kama alisinzia. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri siku ile, na kichwa kilikuwa kimegongwa. Hakukumbuka lolote kuanzia juu ya mteremko. Akasema labda. Mwezi haukuisha, ile labda ikawa ndiyo, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumbandua kwenye neno hilo. Hakushika usukani tena. Usingizi wenyewe akaufanya adui yake. Huu mwaka wa kumi na nane kaka yangu halali kitandani. Anakaa sebuleni kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, kikombe cha kahawa pembeni, kichwa kikidondoka anashtuka, anajikaza, anakaa wima tena. Shemeji alijaribu dawa, alijaribu madaktari, alijaribu kulia. Mwishowe akazoea kulala peke yake.

Na kila Jumapili asubuhi kaka huchukua fimbo yake akaenda kwa mama yake Filimbi, nyumba ya tatu nyuma ya mashine ya kusaga. Anamchotea maji, wanakaa, anarudi. Mama yule hajawahi kumlaumu kwa neno wala kwa jicho. Kaka aliniambia siku moja kwamba hilo ndilo linalomchosha kuliko mguu.

Fundi wa Shangazi nilikuwa mimi. Kwa miaka yote hiyo lori lilikaa nyuma ya nyumba ya kaka juu ya matofali, limeinama upande mmoja, nami sikuchungulia chini yake hata mara moja. Nikienda kumsalimia nilipitia mlango wa mbele, hata kama kila mtu yuko uani. Akitokea mtu wa kusema liuzwe au litengenezwe, nilikuwa wa kwanza kupinga: liacheni, mtamtonesha kidonda. Watu wakaniona nina huruma sana.

"Baba anazeekea kwenye kile kiti," alisema Mhandisi. "Nataka alione limesimama, basi. Hata asipoliendesha. Akiamka pale kitini kila siku anaona limelala vile vile alivyolilaza. Wewe ungepona?"

Ningeweza kusingizia mgongo. Lakini akaniambia nikikataa atalipeleka kwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye kila kitu anakifungua kwa nyundo, hata kifuniko cha chupa ya chai. Nikamwona jirani kwa macho ya moyo, amelala chini ya Shangazi na tochi yake, anachungulia, anaguna.

"Lilete," nikasema.

Lilivutwa kwa trekta hadi uani kwangu, magurudumu yakilia njia nzima. Kuku wawili walikuja nalo. Tukaondoa bodi, tukaondoa kichwa, yakabaki mifupa: pau mbili ndefu za chuma, vyuma vya kukingama kati yake, na nyuma kabisa ekseli imening'inia chini ya springi zake, imefunikwa tope la miaka limekauka kama ngozi. Kwa kawaida ekseli hushushwa kwanza. Mimi nikaamuru tuanze na chesi, eti ekseli iachwe ishikilie pau zisitupindukie. Ulikuwa uongo wa kitaalamu, wenye maneno mazuri. Mhandisi alinitazama kidogo, akaamua kuheshimu mvi zangu.

Kazi ya chesi ilichukua wiki mbili, na naona haya kusema kuwa niliifurahia. Pau ya kulia ilikuwa imejikunja nyuma ya kichwa cha lori. Unafunga kamba kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, halafu unaifunga kwa kona zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, chesi iko mraba. Vyetu vilipishana vidole vitatu. Mhandisi alitaka tuichome moto ilainike. Nilimkatalia katakata, chuma cha chesi ukikichoma kinakuwa laini daima, kitabeba magunia leo na kesho kitakuaibisha. Tukaifunga minyororo na jeki mbili, tukainyoosha baridi, robo ya mzunguko asubuhi na robo jioni, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkaidi. Tulikata riveti za vyuma viwili vilivyochanika, tukaweka vipya. Siku kamba ilipolingana kona kwa kona, Mhandisi alicheza juu ya pau kwa buti zake, nami nikacheka mpaka nikakohoa.

"Sasa tupake rangi," nikasema.

Akaacha kucheza. "Tupake rangi kabla ya kushusha ekseli? Hiyo baba mdogo umejifunzia wapi?"

"Kwenye chuo cha maisha."

"Chuo hicho kifungwe," akasema, akachukua brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa, akajilaza kwenye kipande cha boksi na kujisukuma chini ya Shangazi. Miguu yake tu ndiyo niliyokuwa nikiiona. Nilisikia brashi inakwangua. Tope lilikuwa linadondoka mabonge mabonge.

Ili mtu aelewe kilichonipata pale, lazima nieleze alama yangu.

Ekseli ya lori haichomelewi kwenye springi. Inafungwa kwa bolti nne nene zilizopindwa mfano wa kwato, mbili kila upande, na nati nane kwa jumla. Katikati ya kila springi kuna bolti nyingine ndogo, senta bolti, inayoizuia ekseli isitembee mbele na nyuma. Sasa, springi zikiwa mpya, mzigo wa kwanza huzikandamiza zikakaa sawa. Rangi iliyo katikati ya vyuma vyake inabanwa inatoka, na zile bolti kubwa zilizokuwa zimekaza jana leo zinapwaya. Nati haizunguki hata unywele. Kilichopungua ni unene wa kile inachokibana. Kwa macho huoni kitu. Ndiyo maana lori la springi mpya ni lazima lirudi baada ya safari ya kwanza, nati zote nane zikazwe upya kwa spana na bomba refu la kuongeza nguvu. Mafundi wengi hupuuza. Mimi jina langu lilijengwa kwa kutopuuza. Nikishakaza mara ya pili, na ya pili tu, nachora mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba lililo chini yake. Nilianza kwa chaki, nikahamia rangi ya mafuta, lakini watu wakaendelea kuniita Chaki. Madereva walilijua hilo kama wanavyojua njia. Unachungulia asubuhi, ukiona mstari wa Chaki umenyooka, panda uende zako.

"Baba mdogo," miguu ikaniita. "Njoo uone."

Nilichukua muda mrefu kufuta spana ambayo ilikuwa safi. Kisha nikalala chini kando yake.

Alikuwa ameshaisogeza springi ya kulia kwa mtaimbo, nati zikiwa bado kwenye tope lake. Kwenye kikalio chake, pale ekseli inapoikumbatia, chuma kilikuwa kimesuguliwa mfereji laini wa urefu wa vidole viwili. Senta bolti ilikuwa imekatika. Grisi na tope vilikuwa vimekihifadhi kipande chake kama dawa. Alikiweka kwenye kiganja changu.

"Shika kingo zake," alisema. "Bolti ikikatika kwa kishindo inaacha meno. Hii imesagika, imekuwa duara. Na huo mfereji hauchongwi kwa ajali moja. Ekseli ilikuwa inatembea, baba mdogo. Siku nyingi ilikuwa inatembea mbele na nyuma upande huu, halafu siku ile ikarudi nyuma moja kwa moja na lori likajipeleka lenyewe." Nilisikia pumzi yake imebadilika. "Baba hakulala."

Akageukia nati, akazikwangua moja moja, na chini ya tope, moja baada ya nyingine, ikatokea mistari yangu. Minne upande ule. Imenyooka, myeupe, mizuri kabisa. Mkono wangu ulikuwa haujaanza kutetemeka siku zile.

"Ningesema hazikukazwa mara ya pili," alisema Mhandisi. "Dalili zote ni za hivyo. Lakini mstari huu hapa. Basi ni senta bolti yenyewe, ilikuwa mbovu tangu ilikotengenezwa. Au unaonaje?"

Alikuwa ananiuliza kwa nia njema, uso wake uko shubiri moja na wangu, ana tope kwenye kope.

"Bolti za siku zile," nilisema, "zilikuwa za ovyo."

Akanikumbatia pale pale chini, kiwiko chake kikanigonga mbavu. Akajisukuma nje, akaenda kumchukua baba yake bila hata kuvua ovaroli.

Nilibaki peke yangu, nikaingia ofisini. Ni kijichumba tu, meza na kalenda. Ukutani kuna picha yangu, nimevaa shati jeupe jipya, kola imesimama, najichekea kama aliyeokota pesa. Niliipiga kwa ajili ya leseni ya gereji. Chini yake mpiga picha aliandika tarehe kwa mkono. Ni siku tisa kabla ya ajali.

Asubuhi ya siku hiyo ya picha kaka alirudi kama nilivyomwambia, safari ya kwanza ya springi mpya imekwisha, mzigo wa pili unamsubiri, injini inaunguruma. Filimbi aliteremka kabla lori halijasimama. Alijua utaratibu wangu. Aliingia ndani akachukua spana kubwa na lile bomba refu, akaviegemeza kwenye tairi la nyuma, akaniambia, "Fundi, mashine yako hiyo." Mimi nilikuwa nimeshavaa shati. Mpiga picha alikuwa anafunga saa nne siku ile. Nilitazama tope chini ya Shangazi, nikatazama mikono ya shati, nikachukua kopo la rangi na kiburashi. Nilichutama kwa uangalifu nisijipake, nikazunguka pande mbili, nikachora mistari minane. Haikunichukua dakika tatu. Spana sikuigusa. Nilimpigia kaka bodi kwa kiganja, nikasema tayari.

Nilijiambia nitazikaza akirudi. Aliporudi nilikuwa na kazi. Aliporudi tena nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka nikiwa mlangoni mwa wodi, nimeshika chungwa.

Miaka kumi na minane nimejitia hamnazo. Niliwahi hata kujiaminisha kwamba huenda alisinzia kweli, maana ingewezekana, mbona madereva wengi wanasinzia. Ndiyo sababu sikutaka kuchungulia. Mtu asiyechungulia anaweza kuendelea kusema huenda. Na sasa nilikuwa nimechungulia, na Mungu ni mwema kupita kiasi, kwa sababu kaka angetolewa kwenye kile kiti na mimi nisingeguswa. Lawama ingebebwa na bolti. Nilikaa mezani nikaona ni jambo jema kwa watu wote. Nilijichukia kwa jinsi lilivyonipendeza.

Kaka alifika kwenye saa nane, fimbo mkono mmoja, binti mkono mwingine, ananuka kahawa. Mhandisi alikuwa anaongea tangu getini. Alimwekea stuli fupi kando ya ekseli, naye akakaa, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Binti akamwonyesha mfereji, akampa kipande cha bolti, akaeleza yote kama alivyonieleza mimi, safari hii kwa machozi. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Akakizungusha kile kipande kwenye vidole vyake, halafu akainama, akapitisha kidole gumba juu ya mistari yangu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Asante mwanangu," alisema. "Lakini usinitafutie bolti."

"Baba, tazama vizuri."

"Nimetazama. Nimeendesha malori tangu hujazaliwa. Senta bolti haikatiki hivi hivi. Inakatika hizi kubwa zikilegea, na hizi hazikulegea. Mstari wa Chaki huu hapa." Aliongea taratibu, kwa upole, kama anayemwachisha mtoto kitu kikali. "Unajua siku ile Filimbi aliniambia nyuma kunagonga? Tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Nikateremka, nikachungulia, nikaiona mistari yote imenyooka. Nikamwambia, panda twende, mdogo wangu ameshakaza, wewe una masikio ya sungura. Akacheka, akapanda. Huo mchubuko ni wa ajali. Nililala, mama. Nimeshakubali, na wewe kubali."

Akamrudishia binti kile kipande cha bolti. Mhandisi alinigeukia, macho yakiniomba nimsaidie. Alitaka nimwambie baba yake habari za bolti za ovyo za siku zile, na mimi ni fundi mkubwa, pengine ningesikilizwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna njia ya pembeni. Kilichomfunga kaka kwenye kile kiti hakikuwa usingizi. Ilikuwa rangi yangu. Aliiamini kuliko alivyojiamini, na angeendelea kuiamini mpaka tumzike.

"Sikukaza," nilisema.

Hawakunisikia vizuri. Nikapiga moyo konde nikarudia. "Kaka, sikukaza. Mara ya pili sikuzikaza. Nilichora tu."

Alinitazama bila kuelewa, kama mtu aliyeamshwa.

"Ulikuja asubuhi, injini inawaka. Filimbi aliniletea spana na bomba, akaviegemeza kwenye tairi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, nakwenda kupiga picha. Sikutaka kulichafua. Nikachukua rangi nikachora nati zote nane, nikakwambia tayari. Wewe hukulala. Ekseli ilikuwa imelegea kwa sababu yangu, na Filimbi alisikia vizuri."

Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa anapiga nyundo. Kaka aligeuza kichwa, akatazama kupitia mlango wa ofisi ulio wazi.

"Ile pale?" aliuliza.

"Ile."

Aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Ameiona mara mia, amewahi hata kunitania kuwa pale nafanana na mhasibu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu hospitali."

"Na ulikuwa ukija kwangu. Unakaa na mimi. Unakunywa kahawa yangu."

"Ndiyo."

"Unaniambia nijaribu kulala."

"Ndiyo, kaka."

Mhandisi aliweka brashi yake chini. "Mimi nimekuuliza leo," alisema. "Tuko wawili chini ya lori, nimekuuliza. Ukaniambia bolti zilikuwa za ovyo." Sauti yake haikupanda. Ningependa ingepanda. Akatugeuzia mgongo, akasimama anautazama ukuta.

Kaka alishika fimbo yake kwa mikono miwili na nikadhani atanipiga. Nilisogea karibu ili isimpe shida. Hakunipiga. Aliisimamisha fimbo chini, akajivuta kuinuka, na nilipomnyooshea mkono akaupita kana kwamba ni kitu kilichoning'inizwa pale. Alipokuwa wima alivuta pumzi mbili tatu.

"Jumapili hii utakwenda wewe," alisema.

"Kaka..."

"Unajua kwa nani. Utamwambia kama ulivyoniambia mimi. Shati, na spana, na bomba aliloleta mwanawe kwa mkono wake. Usiruke kitu." Akapita mlangoni, akasimama, bila kugeuka. "Mimi nitalala."

Mhandisi alirudi kazini kesho yake. Nilidhani hatarudi. Alibadilisha bering na sili za ekseli, akasafisha difu, ile nundu ya gia katikati ya ekseli, akaosha ngoma za breki, bila kunisemesha isipokuwa kuomba vifaa. Jumamosi tulipandisha springi mpya na bolti mpya, akazikaza zote nane mwenyewe, akining'inia kwenye lile bomba kwa uzito wake wote. Mkono wangu ukaenda kwenye kopo la rangi kwa mazoea. Alilichukua mbele yangu, akaliweka rafu ya juu.

"Bado halijabeba mzigo," alisema.

Jumapili nilivaa shati la kazi. Njia ya kwenda kwa mama yake Filimbi inapita kwa kaka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilipitia uani, penye mstatili wa udongo mkavu alipokuwa amelala Shangazi. Shemeji alikuwa anaanika nguo. Alipoambiwa habari zangu sikujua, lakini alikuwa ameshaambiwa, hakunikaribisha. Aliweka kidole mdomoni tu, akalionyesha dirisha kwa kidevu. Kile kiti cha mbao kilikuwa kitupu, kikombe kimefunikwa juu yake.

"Tangu jana saa moja usiku," alisema kwa sauti ya chini. "Kitandani. Anakoroma." Kisha akajifunika uso kwa shuka lililolowa, nami nikaondoka.

Mama yake Filimbi alikuwa barazani. Macho yake sasa yanaona mwanga tu. Aliinua kichwa kabla sijafika.

"Hatua hizi hazina fimbo," alisema. "Nani mwenzangu?"

"Shikamoo mama. Ni mdogo wake."

"Marahaba. Yule Chaki?"

"Ndiye."

"Mwanangu alikuwa anakusifu sana wewe. Kaka yako yuko wapi leo? Anaumwa?"

"Hapana mama. Amelala."

Akatabasamu, akaangalia upande nilipo kwa macho yale yasiyoona. "Afadhali," alisema. "Nilimwombea hilo. Karibu ukae, kiti chake hicho. Ndoo iko hapo mlangoni kama una nguvu."

Niliichukua ndoo. Bomba la maji liko mwisho wa uchochoro, na kulikuwa na foleni ndefu ya madumu. Mtu angeweza kusimama pale saa nzima, akarudi amechoka, akasema tutaongea wiki ijayo. Nilifika nusu ya njia. Kisha nikarudi, nikaiweka ndoo chini bila kuijaza, na sikukikalia kile kiti. Nikachutama mbele yake, nikaanza na shati.